Sura ya Tisa Niliyoiruka

Nimestaafu mwezi wa sita. Mwalimu wa taaluma ameniomba kurasa chache za kuweka kwenye jalada la idara ya Kiswahili, ili walimu vijana wanaokuja wajue kazi ilikuwaje. Nadhani alitaka niandike nilianza daraja gani na nikaishia daraja gani. Hayo yako kwenye faili langu wilayani, yamepigwa mihuri yote, na anayeyahitaji atayakuta huko. Mimi nitaandika juu ya kitabu kimoja nilichokifundisha karibu muda wangu wote wa kazi, na juu ya kosa nililolifanya nacho kwa miaka kumi na sita mfululizo.

Nilifika shuleni hapa nikiwa na begi moja na cheti kipya. Sikutoka mbali. Mimi ni mtoto wa Nkwenda. Baba yangu, Mzee Hamidu, alikuwa na duka la vitenge, chumvi na kandili karibu na soko. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe. Nilikuwa nimeomba kupangiwa Tanga au Morogoro, mahali ambapo hakuna mtu angenyoosha kidole na kusema, "Huyu ni binti wa yule Mswahili wa dukani." Nikapangiwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka dukani kwa baba.

Mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki, daftari la mahudhurio na nakala moja ya riwaya. Ni ile riwaya ya zamani ya ukoloni: kijiji, mtawala wake, wageni wenye bunduki, kodi, na mwisho mbaya. Jina lake sitaliandika, wanaofundisha wanalijua. Kidato cha tano kilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili.

"Nakala nyingine ziko njiani," alisema mkuu wa shule.

Zilikuwa njiani kwa miaka sita. Kwa hiyo nilifundisha kwa mdomo. Nilisoma kwa sauti, wanafunzi wakasikiliza, nikasimama, tukazungumza, nikaendelea. Nilijifunza kusoma huku jicho moja likiwa kwenye ukurasa na jingine kwenye dawati la nyuma, ujuzi ambao chuoni hawaufundishi na ambao haumo kwenye fomu yoyote ya ukaguzi.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mwalimu Kaijage, mzee wa Kamuli, mwenye kibanja cha migomba na kahawa alichokipenda kuliko shule, na hakulificha hilo. Alikaa nyuma ya darasa langu siku ya tatu. Kipindi kilipoisha akaniita nje.

"Umewaambia kitabu kinahusu unyonyaji," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa kwenye mwongozo."

"Basi wape mwongozo, wewe ukapumzike." Hakutabasamu. "Mtoto ukimwambia kitabu kinahusu nini, amemaliza kusoma. Muulize kwanza kilichotokea. Kila sura muulize nani alitaka nini, nani alimzuia, nani aliumia. Unyonyaji watauona wenyewe, wala hutahitaji kuutaja."

Maswali hayo matatu nimeyatumia mpaka siku yangu ya mwisho. Mwongozo niliutumia kuegemeza dirisha.

Sasa nifike kwenye sura ya tisa. Katika sura hiyo askari wanafika kijijini kutafuta wanaume wa kubeba mizigo. Mzungu mwenyewe hayupo. Yuko mbali, kwenye hema. Anayefanya kazi ni askari wa kutoka pwani, mtu mweusi mwenye kofia nyekundu, anayezungumza Kiswahili ambacho wanakijiji hawakielewi. Anawalaza wanaume chini mmoja mmoja na kuwapiga hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, huku mwenzake akihesabu. Ni sura fupi. Mwandishi hakumpa askari huyo hata jina.

Niliisoma peke yangu nikiandaa somo, nikafunga kitabu.

Nyumbani kwetu ilisemwa kwamba babu alikuja Karagwe na biashara. Lakini nikiwa na miaka tisa au kumi niliona jambo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kununua chumvi siku za gulio. Akimkuta babu amekaa barazani, alisimama ng'ambo ya barabara, hata kama mvua inanyesha, mpaka babu aingie ndani. Nilimuuliza baba kwa nini. Baba akasema, "Huyo ana mambo yake ya zamani." Nilipokuwa mkubwa shangazi yangu aliniambia kwa kifupi kwamba kabla ya duka babu alikuwa askari wa Wajerumani, na kwamba sikupaswa kuuliza zaidi. Sikuuliza.

Kwa hiyo tulipofika sura ya tisa, mwaka wangu wa kwanza, niliwaambia wanafunzi: "Hii mtaisoma wenyewe. Haijawahi kutoka kwenye mtihani." Ilikuwa kweli kwamba haijawahi kutoka. Kuhusu kuisoma wenyewe, nakala ilikuwa moja na ilikuwa mkononi mwangu.

Mwalimu Kaijage aliona. Kila wiki alipitia andalio langu la somo. Siku hiyo kalamu yake ikasimama.

"Kutoka ya nane umekwenda ya kumi."

"Muda, mwalimu."

"Muda," alirudia. Alinijua mimi ni wa nani. Kamuli na Nkwenda si mbali. Akatia saini, akanirudishia daftari. Hakuligusia tena mpaka alipostaafu, na mimi nikajidanganya kwamba ameridhika.

Vitabu vilifika hatimaye, katoni mbili, panya wakiwa wameonja kona. Mashine ya stensili ikaja, ikatupaka wino mikono yote, ikafa. Umeme ukaja. Nikapewa kuongoza idara. Kila mwaka, sura ya nane, halafu ya kumi. Nilikuwa nimeisema sentensi yangu mara nyingi kiasi kwamba ilitoka yenyewe, kama sala.

Kokusima alikuja kidato cha tano kutoka Nyakakika, kule Karagwe. Kwao ni wafugaji. Hakuwa msemaji. Kiswahili alikijua vizuri kwenye karatasi, lakini kabla ya kujibu alinyamaza kidogo, na ungeweza kuona anavyovusha jibu kutoka Runyambo, lugha ya kwao. Walimu wengine walidhani ni mzito. Hakuwa mzito. Alikuwa anapima.

Baada ya likizo ya kwanza alinifuata ofisi ya walimu akiwa na kitabu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kokusima."

"Nina swali la sura ya tisa."

"Hiyo haitoki kwenye mtihani."

"Ndiyo, ulisema." Akanyamaza kwa mtindo wake. "Nilimsomea bibi likizo. Nilikuwa namgeuzia kwa Runyambo. Sura nyingine alikuwa anasinzia. Hii aliamka. Akauliza huyu aliyeandika alikaa kwa nani, maana baba yake bibi alipigwa hivyo hivyo. Alikuwa ameficha ng'ombe."

Walimu wawili walikuwa mezani wakisahihisha madaftari. Nilihisi kalamu zao zimepunguza mwendo.

"Ni jambo la kusikitisha," nilisema.

"Bibi anauliza kama nimefundishwa na mwalimu, au ni mimi ninajisomea tu. Nimwambie nini?"

"Mwambie tutafika."

Akashukuru, akatoka. Tulikuwa tumeshafika sura ya kumi na moja, na yeye alijua.

Pengine ningeliacha hapo. Lakini mwaka huo huo kidato cha sita walifanya mtihani wa taifa, na swali la riwaya likawataka wajadili wahusika wenyeji waliotumikia utawala wa kigeni, wakitoa mifano ya matendo yao. Ukisoma riwaya ile bila sura ya tisa, una tarishi mmoja na karani mmoja, na karani hafanyi kitu. Deusi, aliyekuwa mwanafunzi wangu bora mwaka ule, alitoka chumba cha mtihani akanikuta kwenye ubao wa matangazo.

"Mwalimu, ulisema haitoki," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa.

Matokeo yalipokuja alikosa nafasi ya kusoma sheria. Siwezi kusema ni swali lile moja lililomkosesha. Siwezi pia kusema silo. Leo ana duka la pembejeo Kayanga na maisha yake si mabaya, lakini kila nikipita pale huvuka barabara kumsalimia, na kila mara naona uzito wa kuvuka.

Jumamosi iliyofuata mtihani ule nilikwenda Nkwenda kwa shangazi Mwanaidi. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimkuta shangazi anachambua maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uso wako vipi?"

Nikamuuliza moja kwa moja kama babu alipiga watu.

Aliendelea kuchambua kwa muda. "Alipiga," akasema. "Ulidhani walimpa kofia akachunge kuku?"

"Alipiga hapa?"

"Hapa, Nyakakika, mpaka huko mtoni. Alikuwa kijana, hajafika ishirini na tano. Baadaye akaacha, akaoa huku huku, akafungua duka." Akaondoa jiwe kwenye ungo. "Wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo. Alikuwa hawezi kusikia mtu anahesabu kwa sauti. Sisi watoto tukicheza tukihesabu, moja, mbili, tatu, ananyanyuka anaondoka. Miche ya sabuni dukani tuliihesabu kimoyomoyo. Mimi nilidhani kila duka ni hivyo."

"Aliwahi kusema alilazimishwa?"

"Hakuwahi kusema kitu. Mama alijaribu kumtetea mara moja, akamwambia anyamaze."

Nilirudi shuleni, nikafungua azimio la kazi, nikaandika sura ya tisa, vipindi viwili. Ilibidi nipunguze kipindi cha marudio ya ushairi. Muda ulikuwepo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha na bati limenyamaza. Niliwaambia wafungue. Nikasoma sura nzima bila kusimama. Ni dakika kumi na mbili tu, baada ya miaka kumi na sita. Kisha nikafunga kitabu, nikasema, "Nimekuwa nawaambia wanafunzi sura hii haina maana kwa mtihani. Sababu haikuwa mtihani. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa namna hii, na alifanya kazi hiyo katika wilaya hii. Sasa tuanze. Nani alitaka nini?"

Jovin, kijana wa mstari wa mbele ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akauliza, "Mwalimu, alipiga wa kwetu?"

"Majina siyajui. Alipiga wa hapa."

Kokusima akanyoosha mkono. "Alilazimishwa?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Darasa zima lilikuwa tayari kunipa hiyo ndiyo. "Sijui," nilisema. "Babu yangu simjui kiasi hicho. Huyu wa kwenye kitabu tunaye hapa. Tumuulize yeye. Angeweza kufanya nini kingine?"

Wakabishana. Wengine walisema angetoroka. Wengine wakauliza atorokee wapi, na lugha haijui. Mmoja alisema angepiga polepole. Mwingine akamjibu kwamba mwenye kupigwa hajui polepole. Msichana mmoja aliuliza kwa nini mwandishi hakumpa jina, na kama angempa jina tungemchukia zaidi au kidogo. Kengele ililia, na hawakusimama. Ni kipindi bora nilichowahi kufundisha, na nasema hivyo nikijua kilichofuata.

Katika darasa lile alikuwemo Swalehe, mtoto wa mfanyabiashara wa Nkwenda, familia ya pwani kama yetu. Alinisubiri nje.

"Mwalimu, wewe umesema la babu yako," alisema, "lakini umetusemea na sisi. Kwetu hakuna aliyekuwa askari. Babu yangu alikuja na nguo za kuuza. Sasa nani ataamini?"

Nilimwambia nitazungumza na wenzake. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshampa jina: Hamsa. Nilizungumza na darasa kesho yake. Nilisema kosa la mtu mmoja haligawiwi kwa watu wa asili yake, wakaitikia vizuri sana, kama wanavyoitikia watoto wa shule. Nikawapa kazi waulize kwao wazee walikuwa wanafanya nini miaka ile. Walirudi na habari: aliyehesabu nyumba za kodi, aliyebeba mizigo akafia njiani, aliyewaonyesha askari njia. Jovin alisema kwao hawakumbuki kitu. Kokusima akasema, bila kugeuka, "Sisi kwetu tunakumbuka kila kitu." Kelele zikapungua baada ya hapo, lakini jina halikufa. Swalehe alimaliza kidato cha sita akiitwa Hamsa. Kuna mambo mwalimu huyawasha na hana njia ya kuyazima, na anayeungua si yeye. Nilimwomba radhi. Aliipokea kwa adabu, na sijui kama aliipokea kwa moyo.

Muhula ulipofungwa Kokusima akaja tena.

"Bibi anasema uje."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

Tulipanda gari mpaka Omurushaka, tukabadilisha, na mwisho tukapanda pikipiki mpaka mahali ambapo migomba inaisha na nyasi zinaanza. Nilikuwa nimevaa vizuri na nimebeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda posa, na njia nzima nilipanga maneno ya kuomba msamaha kwa niaba ya mtu aliyekufa kabla sijavunja ungo.

Bibi yake Kokusima alikuwa mdogo wa mwili, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaletewa maziwa. Nilianza maneno yangu, Kokusima akiyageuza. Bibi alisikiliza mpaka katikati, akainua kiganja.

"Anauliza babu yako aliitwa nani," alisema Kokusima.

Nikamtajia.

Bibi akatikisa kichwa, akasema jambo fupi.

"Anasema hawakujua majina yao. Kwa hiyo hawezi kusema ni yeye, na hawezi kusema si yeye. Na kwamba hayo ya msamaha wewe hukumpiga mtu, yaache. Anataka umsomee."

"Wewe ulishamsomea."

"Anataka asikie kwa Kiswahili. Kwa mwalimu."

Nikasoma. Kokusima aligeuza pale tu bibi alipomgusa goti. Nilipofika kwenye wanaume kulazwa chini, bibi akasema neno, akarudia kwa nguvu kidogo.

"Anasema haikuwa hivyo," alisema Kokusima. "Anasema baba yake hakulazwa kwenye udongo." Akamsikiliza zaidi, akatafuta maneno, akayapata. "Kwanza walichinja ng'ombe yake, wakala, wakamlaza juu ya ngozi ikiwa bado mbichi."

Kisha bibi akaongeza kwamba mpaka anakufa baba yake hakulalia ngozi tena, yeye mwenye ng'ombe wengi. Alilalia nyasi. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Halafu akaonyesha kitabu.

"Anasema uandike. Kitabu kimesahau."

Nilimweleza kwamba kitabu kimeandikwa na mtu mwingine, kuhusu mahali pengine, na kwamba mwalimu haandiki ndani ya kitabu cha shule. Kokusima aligeuza yote kwa uaminifu. Bibi alinitazama mpaka nilipomaliza, akasubiri. Nikatoa kalamu ya wino nikaandika pembeni ya ukurasa, maneno yale yale ya Kokusima. Akataka nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Akasema niendelee na sura, nikaendelea mpaka mwisho, na safari hii hakunisimamisha.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Kokusima ni daktari wa mifugo sasa. Mimi nilirudi kazini, na tangu hapo kila mwaka nimefundisha sura ya tisa, na nikifika kwenye ukurasa ule nasoma na lile la pembeni, bila kubadilisha sauti.

Wanafunzi wenye nakala zao huinua vichwa. Mwaka huu, kipindi changu cha mwisho na kitabu kile, alikuwa msichana wa mstari wa tatu, makini, mtoto wa mwalimu.

"Mwalimu, hiyo sentensi kwetu haipo."

"Najua. Iandikeni."

Nikaisoma tena taratibu, wakaandika. Yule msichana alisimamisha kalamu.

"Samahani, mwalimu. Si 'ng'ombe yake'. Ni 'ng'ombe wake'."

"Ndiyo," nilimwambia. "Ni wake. Lakini andika kama nilivyoambiwa."